Mtaalamu anataka asilimia 15, na bibi zetu hawataki nyimbo zao zirekodiwe

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Bahi, mkoa wa Dodoma, na ni katibu wa kikundi cha muheme kijijini kwetu. Kwa wasioijua, muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo. Ngoma zenyewe zimebanwa katikati kama kiuno, na mpigaji huibana yake katikati ya mapaja. Watu wakisikia muziki wa Kigogo humtaja marehemu Hukwe Zawose na zeze na marimba yake, na mimi najivunia kama Mgogo yeyote, lakini ngoma hii ya mama zetu haitajwi sana. Tuko wanawake 17. Wanaozijua nyimbo zote wamebaki bibi wanne, na mkubwa wao, bibi yangu mzaa mama, macho yake yameanza kumtupa.

Miaka miwili iliyopita tulisikia kuna mfuko wa fedha za umma unaotoa ruzuku kwa miradi ya sanaa na utamaduni. Tukaomba. Jibu lilikuwa mstari mmoja tu, kwamba hatukuchaguliwa. Mwaka jana tukaomba tena, milioni 48, kwa kuwa kiwango cha juu kilikuwa milioni 50. Tuliandika kwamba tutawafikia vijana 600, tutanunua spika, jenereta, kamera na kompyuta, na tutafanya tamasha. Safari hii walitupa sababu: idadi ya walengwa haiwiani na shughuli, na bajeti haioneshi malipo ya wakufunzi wa jadi.

Sasa dirisha limefunguliwa tena na zimebaki wiki tano. Mwenyekiti wetu amempata kijana mmoja mjini, mtaalamu wa kuandika maandiko ya kuombea ruzuku. Anataka laki tatu za kuanzia, na asilimia 15 fedha zikitoka. Anasema andiko letu halivutii, tuingize mabadiliko ya tabianchi na mambo ya teknolojia. Anasema pia tuambatanishe video za nyimbo zote, hata zile za ndani ambazo mabinti huimbiwa wanapofundwa, kwa sababu hizo ndizo wafadhili hawajawahi kuziona. Bibi aliposikia hivyo aliinuka akatoka kikaoni. Mpaka leo hajasalimiana na mwenyekiti.

Wapo wanaosema tuchukue mkopo wa halmashauri tumlipe huyo mtaalamu, ruzuku ikija turudishe. Kikundi kimegawanyika na mimi niko katikati. Nasema kweli, hata bibi namlaumu kidogo. Nyimbo zikiondoka naye, sisi tutabaki na nini? Nifanyeje, Shangazi?

Katibu, Bahi

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale bibi yako alipoinuka. Nitarudi hapo, maana ndipo palipo na uzito wote. Ila nianze na huyo mtaalamu, kwa kuwa wiki tano si nyingi na laki tatu zikishatoka hazirudi.

Nilipokuwa na umri kama wako nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha ngoma na maigizo. Mtu mmoja alituandikia andiko, tukalisaini bila kulisoma vizuri, na tukapata fedha. Siku ile tulicheza mpaka usiku. Wiki iliyofuata ndipo tulipokaa kulipitia ukurasa kwa ukurasa, tukakuta tumeahidi maonyesho katika kata 12 ndani ya miezi sita, na kitabu cha hadithi za wazee. Kwenye bajeti hapakuwa na gari wala mchapaji. Tulifanikiwa kata tano. Masika yakakata barabara. Mwishoni tukatakiwa kurejesha fedha ambazo zilishaisha kwenye mafuta na posho, na wenzangu walianza kutazamana kwa macho ya wizi ilhali hakuna aliyeiba. Kile kikundi hakipo tena. Wale wanawake walikuwa wanajua kuimba, mwanangu, na siwezi kulitaja jambo hili bila kuumia.

Miaka mingi baadaye niliitwa kukaa kwenye jopo, nikawa nasoma maandiko ya wengine. Hapo ndipo nilipoelewa kilichotupata. Andiko la ruzuku ni ahadi, na kila sentensi yake mtakuja kuulizwa. Mkiandika vijana 600, mtadaiwa majina 600 na saini zao. Mkiandika tabianchi, mtaulizwa mmefanya nini kuhusu tabianchi. Kunyimwa kunauma, lakini kushinda kwa andiko ambalo hamuwezi kulitekeleza ndiko kunakovunja kikundi. Kwa hiyo andiko liandikwe na watakaobaki hapo kijijini baada ya fedha kuisha. Mtaalamu wa mjini hatakuwepo mkaguzi akija.

Hiyo asilimia 15 nayo itazameni kwa hesabu. Kwa ombi la milioni 48 ni milioni 7 na laki 2. Itatoka fungu gani? Mifuko mingi haikubali fedha ya ruzuku ilipe kazi iliyofanyika kabla ya mkataba, na kumlipa mtu kwa kamisheni ya fedha iliyopatikana ni jambo ambalo hakuna mkaguzi atakayelipitisha. Maana yake mtalazimika kuificha. Mtaandika ngoma moja imegharimu laki tatu wakati imegharimu laki na ishirini, mtatafuta risiti za uongo, na saini itakuwa yako wewe mwalimu. Kataa. Kama mnahitaji mtu wa kuwasahihishia lugha au kuwapangia bajeti vizuri, mlipeni ada inayojulikana, ndogo, kwa kazi ya siku mbili, na fedha hiyo itoke kwenye mfuko wenu. Kabla ya hapo mwendeeni ofisa utamaduni wa halmashauri yenu. Kuwasikiliza ni kazi yake, hatakiwi kuwatoza kitu, na barua yake ya utambulisho mtaihitaji hata hivyo.

Kuhusu mkopo nitasema kwa ufupi. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mikopo. Haina riba, lakini hurejeshwa. Hata Mfuko wa Utamaduni na Sanaa umekuwa ukikopesha wasanii kwa masharti nafuu, na wengi huchanganya hilo na ruzuku. Mkopo unafaa kwa kitu kitakachozaa fedha: mkitaka kununua turubai na viti vya kukodisha kwenye harusi, chukueni. Kufundisha mabinti ngoma hakuzai fedha mwaka huu wala ujao, na ndiyo sababu ruzuku zipo. Kukopa ili kumlipa mtu akuandikie ombi ambalo huenda likakataliwa ni kuweka majembe na mbuzi za akina mama rehani kwa jambo lisilo na uhakika. Msithubutu.

Sasa ile sababu mliyopewa mwaka jana. Wewe umeisoma kama lawama. Mimi ningeikata nikaibandika ukutani, kwa sababu waombaji wengi hawapewi hata hiyo. Mtu aliyelisoma andiko lenu aliona spika, jenereta, kamera na kompyuta, akatafuta bibi wanne wako wapi kwenye bajeti, hakuwaona. Aliwatetea bibi zenu kuliko ninyi mlivyowatetea. Najua kwa nini mliwaacha. Tumezoea kuona kwamba mzee akifundisha anafundisha kwa mapenzi, na kumtajia fedha ni kama kumvunjia heshima. Lakini bibi akitoka nyumbani saa nane mchana kuja kufundisha, kuna mzigo wa kuni hajatafuta, kuna kibarua cha kupepeta hajafanya. Muda wake una bei. Kuiandika bei hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Hebu tuhesabu pamoja. Mabinti 20, siku mbili kwa wiki, wiki 24. Hivyo ni vipindi 48. Bibi wanne kila kipindi ni malipo 192. Mkikubaliana shilingi 15,000 kwa kipindi, jumla ni 2,880,000. Ngoma mpya nane kwa fundi wa kijijini, tuseme laki na ishirini kila moja, ni 960,000. Ongezeni chai na uji wa wasichana, nauli ya bibi anayekaa mbali, matibabu ya macho ya bibi yako kama mwongozo unaruhusu gharama za ustawi wa wakufunzi (ulizeni kwa maandishi, msidhani), daftari, na siku moja ya kuwaonesha wazazi walichojifunza watoto wao. Sidhani kama mtapita milioni 8. Msione aibu kuomba milioni 8 mahali penye kikomo cha milioni 50. Kikundi ambacho hakijawahi kupokea ruzuku kikiomba karibu na kikomo, msomaji huanza kuogopa. Kikiomba kiasi kinacholingana na mikono yake, hupumua.

Na andikeni mnachotoa ninyi. Darasa lako baada ya saa za masomo lina thamani. Ngoma za zamani mlizonazo zina thamani. Kazi yako ya ukatibu ina thamani. Yote hayo huwekwa kwenye safu ya mchango wa kikundi, kwa makadirio ya kweli. Wengi huacha safu hiyo wazi kwa kudhani kwamba mchango ni fedha taslimu tu.

Jambo moja dogo la risiti, kwa sababu huangusha wengi. Fundi wa ngoma hana mashine ya risiti za kodi, na bibi hana. Waulizeni wenye mfuko mapema kama wanakubali hati ya malipo yenye jina, kiasi, kazi iliyofanyika, tarehe, na saini au dole gumba mbele ya shahidi. Wakikubali, tengenezeni daftari la hati hizo kuanzia siku ya kwanza. Akaunti ya benki iwe ya kikundi, yenye watia saini watatu, na fedha isitoke bila wawili. Cheti cha usajili wa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kikague sasa hivi kama bado kiko hai. Nimeona andiko zuri sana likiondolewa siku ya kwanza kwa cheti kilichokwisha muda.

Turudi kwa bibi.

Unasema unamlaumu kidogo. Naelewa hofu yako, umehesabu miaka yake ukaogopa. Lakini mwenyekiti na mtaalamu wanamwomba kitu ambacho hakuna mfuko wenye akili unaokidai. Tanzania ilijiunga mwaka 2011 na Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika. Kifungu cha 13 cha mkataba huo kinazitaka nchi wanachama ziwezeshe watu kuufikia urithi huo huku zikiheshimu desturi zinazoamua nani afikie sehemu zipi. Yaani kile alichokifanya bibi yako kwa kuinuka na kutoka, dunia imekiandika kwenye mkataba. Kuna nyimbo za arusini na mikutanoni, na kuna nyimbo za ndani. Mwenye kujua mpaka uko wapi ni yeye na wenzake watatu.

Kwa hiyo msiufiche mpaka huo. Uandikeni. Wekeni aya moja inayosema: kikundi kitarekodi sauti na picha za nyimbo zinazopigwa hadharani, kwa idhini ya waimbaji, nyimbo za ndani zitafundishwa kwa mdomo, na bibi ndio watakaoamua nani anafundishwa na lini, na hazitarekodiwa. Mimi nilipokuwa kwenye jopo, aya ya namna hiyo ingenifanya niiamini kazi yote iliyobaki. Inaonesha kwamba waombaji wamekaa na wenye ngoma yao. Tena Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua sanaa za jadi na kuzilinda, basi video ikishatoka mikononi mwenu kwenda kwa mtu wa mjini, muulizeni kwanza itakaa wapi na nani atakuwa na haki ya kuionesha. Nina wasiwasi hajawaambia.

Na nyimbo hazifi kwa kukosa kamera. Zinakufa kwa kukosa binti wa kuzipokea. Kama bibi yako ana wasichana 20 mbele yake mara mbili kwa wiki, hofu yako imepata jibu lake. Huenda baadaye, akishawaona na kuwapenda, yeye mwenyewe akataka kitu fulani kihifadhiwe. Hilo liwe lake.

Kuna swali jingine hukulitaja, ila wewe ni mwalimu, ni Mgogo, na najua unalijua. Muheme ilipigwa kwenye shughuli za mabinti, na kwa wengi shughuli hiyo iliambatana na ukeketaji. Mradi unahusu watoto wa kike. Msomaji yeyote makini atajiuliza, na fomu nyingi siku hizi zina swali kuhusu usalama wa watoto. Msiliruke, na msijibu kwa neno moja la "hapana". Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana iliharamisha kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na mimi kwa upande wangu sioni kisu kina nafasi yoyote katika urithi huu, kwa umri wowote. Kaeni na bibi, waulizeni wao wenyewe wanasemaje, kisha muandike msimamo wa kikundi kwa maneno yao: kwamba mnarithisha ngoma, nyimbo, na maneno ya hekima kwa binti anayekua, na kwamba ukeketaji haumo. Wekeni idhini ya mzazi kwa kila binti, na jina la mtu ambaye mtoto anaweza kumwendea akiona jambo baya. Mtu huyo asiwe mmoja wa viongozi wa kikundi. Kama katika mazungumzo hayo mtagundua kwamba hamko pamoja, basi simamisheni ombi mwaka huu mlimalize hilo kwanza. Hakuna ruzuku yenye thamani ya kuliacha.

Huyo kijana kama amewaambia pia kuhusu zile dola 100,000 za UNESCO, maana wengi hupita nazo vijijini, jueni kwamba fedha za UNESCO zipo kweli, lakini hazifiki kijijini moja kwa moja. Msaada wa kimataifa chini ya mkataba wa 2003 huombwa na serikali ya nchi, kikundi hakiombi peke yake. Ule mfuko mwingine wa UNESCO, unaotokana na mkataba wa 2005 kuhusu uanuwai wa utamaduni, maombi yake hupitia Tume ya Taifa ya UNESCO, na unalenga zaidi sera na biashara za ubunifu kuliko ngoma ya kijiji kimoja. Mkikamilisha mradi wa milioni 8 na mkawa na daftari safi, ofisa utamaduni atakuwa na kitu cha kuwapelekea wa wizarani. Leo hana.

Wiki tano zako nazipanga hivi. Wiki hii nenda kwa bibi yako peke yako, bila karatasi, umwombe radhi kwa niaba ya kikao. Kisha mpeleke mwenyekiti naye. Yeye hakuwa na nia mbaya, alitaka kikundi kipate, na kikao hakiwezi kukaa mkiwa mnaonana kwa chuki. Wiki ya pili kikao cha wote 17, na muhtasari wake uandikwe na kusainiwa, kwa sababu ndio kiambatisho chenye nguvu kuliko video yoyote. Wiki ya tatu na ya nne muandike. Fomu ikiuliza kwa nini mradi huu ni muhimu, usianze na taifa wala dunia. Anza na bibi wanne na nyimbo walizonazo, na ni mabinti wangapi wa kijiji chenu wanaweza kupiga muheme leo. Kama ni wawili, andika wawili.

Ukimaliza, wakusanye bibi chini ya mti, uwasomee andiko zima kwa Kigogo, pole pole. Sentensi yoyote watakayokuuliza "hii ni sisi?" ifute au iandike upya mbele yao. Lipeleke siku nne kabla ya mwisho, si usiku wa mwisho, maana mtandao wa huko unaujua mwenyewe, na hifadhi ujumbe wa kupokelewa. Bajeti nitumie mapema wiki ya nne. Nitaipitia mstari kwa mstari, na fungu la bibi nitalitazama la kwanza.

Shangazi